Usiniambie Nini

Wiki tatu nilikuwa naongeza sauti ya redio.
Kta. Kta-kta. Kta.
Gurudumu la mbele, upande wa usukani,
likihesabu deni nisilolijua,
nami nikampa msoma habari wa Kiwelisi
kazi ya kulifunika.

Alhamisi mvua ikachoka, yakabaki manyunyu.
Nikateremka hadi karakana ya Ithel, nyuma ya kanisa lililofungwa,
pale mabamba ya mawe ya kuezekea yamelundikana
kama sahani za harusi iliyovunjika.
Gari bado lilikuwa na barua za watu siti ya nyuma.

"Ni beringi," nikaanza, "au breki, shemeji yangu anasema..."
Akainua kidole chenye grisi.
"Usiniambie nini. Niambie lini."

Lini.
Ukikanyaga breki? La.
Asubuhi, chuma kikiwa baridi? Hata mchana.
Ukiongeza mwendo, nalo laongeza? Laongeza.
Barabara iliyonyooka?
Kimya.
Kona?

Nikafumba macho, nikajiendesha kichwani:
posta, shule, daraja la reli,
kilima kile ambacho mbwa wa akina Prydderch hunikimbiza.
"Kushoto," nikasema. "Kona za kushoto tu."
Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza jambo
kisha akangoja.

Sikio moja la Ithel lilibaki machimboni, na baruti.
Lililosalia analitunza kwa wateja.
Sauti nyembamba anamwachia bintiye, Heledd,
miaka kumi na sita, ovaroli imekunjwa mikono mara nne.
Wakapiga jeki. Heledd akazungusha tairi polepole,
akaingiza kucha kwenye mfereji wa raba, akachomoa
kigae cha jiwe, chembamba, cha buluu kidogo.

Nikacheka. Nikatoa pochi.
Ithel hakucheka.
"Jiwe," akasema, "halichagui kona."

Basi tukatoka uwanjani.
Nikakata usukani kushoto hadi ukagoma,
nikazunguka, nikazunguka, mwendo wa konokono,
Heledd akitembea kando yangu, ameinama,
kama anayesikiliza ugomvi wa majirani ukutani.
Kta. Kta. Kta-kta-kta.
Kulia: hakuna kitu, matope tu yakinong'ona.
Kushoto tena: kta,
na sasa, jiwe lilipokwisha kutoka, safi zaidi,
maana kumbe zilikuwa sauti mbili
na moja ilikuwa inaificha nyenzake.

Chini ya gari akaniwashia tochi.
Mpira wa ekseli, wenye mikunjo kama kinanda cha mkono,
umepasuka mdomo mzima.
Grisi imetapakaa ndani ya rimu
kama uji wa mtoto aliyekataa kula.
Mchanga umeingia, maji yameingia,
gololi zimejichimbia vitanda vyao.

"Imeanza lini?" Zamu yangu kuuliza.
"Kabla hujaisikia."
Kisha, kwa kuwa ana huruma kwa namna yake:
"Kipuri Jumanne. Hadi hapo, kushoto usikate kwa nguvu."

Nikarudi nyumbani kwa kona za kulia.
Jaribu. Mji mzima unageuka mgeni.
Nilipita njia ya juu, mtaa ambao tangu mazishi
huwa namwachia Emrys aupelekee barua,
na Mererid alikuwa nje anaingiza pipa la taka.
Akainua mkono nusu.
Nami nikainua nusu.
Redio ilikuwa imezimwa; sikumbuki nani aliizima.

Ila nyumba yangu iko kushoto mwa barabara,
na hakuna hesabu ya kulia itakayobadili hilo.
Nikapunguza mwendo. Nikashusha kioo, mvua ikaingia.
Nikakata taratibu, nimetega sikio.

Kta.