Ngazi Thelathini na Mbili

Walioichora barabara hii walikuwa wamekaa ndani ya gari.
Njia sita, wala hapana pa kuvukia.
Ng'ambo ya pili ya Tbilisi
tuliiona, hatukuifikia.
Basi tulishuka:
ngazi thelathini na mbili kwenda chini,
thelathini na mbili kupanda,
nami na goti moja zima na viazi kilo tatu.

Chini kulikuwa na mji.
Jumberi alishona viatu kwenye taa inayokonyeza,
Tsiuri alipima mbegu za alizeti kwa kikombe cha bati,
na kijana mmoja alipiga akordioni
wimbo uleule, akikosea palepale.
Hatukuchaguana. Zege lilituchagulia.
Lakini miguu ikishurutishwa pamoja kila siku
huishia kusalimiana.
Nilijua soli za mtaa mzima:
nani hukanyaga upande, nani kapata mshahara,
nani hapiti tena.

Ndipo manispaa wakaja na ndoo za rangi.
Asubuhi moja, pundamilia kalala juu ya lami,
taa ya kijani, sekunde ishirini na tano.
Nikavuka juani. Nikarudi, nikavuka tena,
kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.
Goti lilishukuru kabla yangu.

Wiki ya tatu kiatu kikaachama, nikakumbuka.
Jumberi alikuwa peke yake, nyundo mapajani,
akisikiliza nyayo zetu juu ya dari.
"Ile ya mbiombio ni ya Nanuli," akasema.
"Kisigino cha kushoto kimekwisha. Mwambie."
Nikamwambia.
Yeye sikumwambia kitu.
Ningesema nini? Kwamba njia ni kama maji,
ukiyafungulia huku, kule hukauka?
Alikuwa amekaa mkaukoni, akinishonea kiatu.

Siku hizi ana kigoda pale kona, taa inapotusimamisha.
Wekundu ni sekunde tisini:
zinatosha kumwonyesha kisigino,
hazitoshi kukishona.
Tsiuri naye kapanda na kikombe chake.
Kijani huwaka habari ikiwa nusu,
na wapo kati yetu wasiovuka.

Kijana wa akordioni alikataa kuja.
Juu, alisema, hakuna mwangwi.
Usiku magari yakipungua
tundu la maji ya mvua hutuletea wimbo wake,
na lile kosa.