Mkono wa Kushoto

Kliniki yetu iko Ngamiani, Barabara ya Tisa,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Mgonjwa hupanda ngazi kumi na nane kashika shavu,
na huko chini fundi anagonga rimu,
kila pigo lamwingia hadi kwenye mzizi wa jino.

Mimi ndiye wa mezani. Daftari, simu mbili,
mhuri, na tabasamu ninalolikopa kila asubuhi.
Vijana nimewafundisha: usiseme "subiri" ukanyamaza.
Sema hadi lini, sema kwa nini.
Maumivu hayana saa, lakini mwenye maumivu anayo.
Na neno "haiumi" nimelipiga marufuku.
Sema, "Itauma kidogo, kisha itapoa."
Mtu huisamehe sindano; uongo haumtoki.

Kazi yetu ina kichekesho chake:
twamjaza mtu pamba, vyuma na vidole,
ndipo twamuuliza, "Watoto wazima?"
Naye ajibu kwa nyusi.
Basi tuna ahadi moja, nimeiandika kwa kalamu nene
ukutani, mbele ya kiti:
UKIUMIA INUA MKONO WA KUSHOTO. TUTASIMAMA.

Bi Mwanatumu wa Chumbageni alipoisoma alikataa.
"Wa kushoto? Mbele ya daktari? Mimi nimelelewa."
Nikamweleza kuwa wa kulia uko upande wa mashine.
Akacheka, jino likamkatiza.

Ilikuwa Alhamisi. Kumi na mmoja benchini,
umeme umeshakatika mara mbili.
Nikasikia mashine ikilia kule ndani, sauti nyembamba ya mbu,
kisha ikanyamaza ghafla,
kisha Daktari Semboja: "Nani kakwambia uzime?"

Ni Mbwana aliyezima.
Mbwana mchemsha vyombo, mwenye kigugumizi,
ambaye simu simpi kamwe apokee.
Mkono wa Bi Mwanatumu ulikuwa juu,
tena juu tangu zamani, vidole vikitetemeka
kama vya mwanafunzi ajuaye jibu na mwalimu hamtazami;
na daktari, "Kidogo tu, mama. Kidogo tu, tumemaliza."
Mbwana alitaka kusema simama,
ikamkwama kwenye si, si, si,
akainama akaminya swichi.

Jioni daktari alikuja mezani, glovu bado mkononi.
"Mwandikie barua ya onyo. Kunivunjia heshima mbele ya mgonjwa!"
Nikasema ndiyo. Nina watoto wawili shuleni, na kodi ya nyumba.
Nikawasha kompyuta. Nikaandika tarehe.
Nikaandika "Ndugu Mbwana". Nikaandika "Yah",
na zile nukta mbili zikanitazama kama macho.

Yah: nini?
Yah: kuona?
Yah: kusoma ukuta?

Siku tatu barua haikupita hapo.
Katikati yake nilimpigia Bi Mwanatumu, kuuliza uvimbe.
"Umepungua," akasema. "Yule kijana asiyesema yupo?
Mwambie nilimsikia."

Jumatatu, kabla hatujafungua,
kabla fundi wa chini hajaanza rimu zake,
daktari akasimama mbele yangu.
"Ile barua iko wapi? Unajua kliniki hii ni ya nani?
Unajua nimesoma miaka mingapi? Unajua..."
Akaendelea.
Hakupiga kelele; ile sauti yake ya kitini, tulivu,
ya kidogo tu, tumemaliza.

Sikuwa na pamba mdomoni,
lakini maneno hayakuja.
Nikainua mkono.
Wa kushoto.

Mtu alikuwa anapanda ngazi, polepole,
nikamhesabu: kumi na nne, kumi na tano.
Mlango wa ndani ulikuwa wazi.
Daktari akautazama mkono wangu,
kisha ukuta.