Kipaji

Baba huchonga mwarobaini, siku hizi mhuhu umeadimika.
Vumbi lake ni chungu. Hukaa kwenye ugali,
hukaa kwenye shuka, na mgeni akinipa mkono
huja akalamba kidole, asijue kwa nini amekunja uso.

Kazi yangu ni weupe.
Chokaa, gundi ya seremala, maji kidogo,
nakoroga ndani ya kopo la mafuta ya kupikia,
napaka kipaji, kope, mashavu, kidevu.
Midomo naiachia wekundu wake.
Macho hayafunguki: mfuo mmoja tu wa patasi,
kama mtu anayesikiliza jambo huku amelala.

Picha ililetwa na mwenye duka wa Ndia Kuu,
imekunjwa mara nne, mkunjo umempita puani.
"Wapunu," alisema. "Gaboni huko. Hizi zinakwenda.
Na mzee wako ana kipaji."
Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza.
Huu mwaka wa tatu, ishirini kila msimu.

Ili ziwe za kale, tunazizika.
Nyuma ya bafu, hapa Chaani, udongo una chumvi,
wiki mbili zatosha.
Nazilaza chali, nafukia kwa jembe,
na Mama Nzilani hupita na ndoo yake ya maji:
"Leo mmezika wangapi?"
Hucheka. Nami hucheka.
Mama yangu hatukuwa na nauli ya kumfikisha Mwingi.
Yuko Mbaraki, safu ya nyuma, chini ya nambari.

Jumanne akaja mtu wa meli. Musavu, ndilo jina.
Ameiona moja dukani, akaomba aonyeshwe
mkono ulioichonga.
Hakushika kitu. Hakuuliza bei. Alivua kofia.
Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, amekiokota
chumba cha injini, kimejaa mafuta na mikwaruzo:
"Kwetu huyu hakai ukutani.
Anatembea juu ya mironjo, anapita mapaa,
mwanamume miguuni, mwanamke usoni.
Weupe huu ni wa kule walikokwenda wetu.
Na kila mmoja alikuwa mtu.
Fundi alimtazama kwanza, siku nyingi,
ndipo akaugusa mti."

Akanyamaza. Kisha:
"Huyu wenu ni nani?"

"Ni picha tu, bwana," nikasema. "Zote sawa."
Nikazipanga mezani nimthibitishie.
Magamba tisa ya kipaji, kama pichani.
Msuko wa juu, kama pichani.
Na kushoto, pembeni mwa jicho, alama,
urefu wa punje ya mchele,
hii.
Na hii.
Na hii.
Pichani haimo.

Miaka mitatu nilidhani patasi inateleza.
Nimekuwa nikiiziba kwa chokaa,
nikiulaani kimoyomoyo uzee wa mkono wake.

Pasi ya makaa. Mama alikuwa msichana,
akinyoosha sare za wenye nyumba Kizingo,
kaa likaruka.
Alikuwa akilifunika kovu kwa leso
kila aliposimama mbele ya mpiga picha,
kwa hiyo hata picha zetu hazinalo.

Baba hakuinua kichwa.
Alipuliza vumbi kwenye shavu alilokuwa nalo gotini.
"Mkono," alisema, "una njia zake."
Akaomba msasa.

Musavu hakununua. Aliondoka kinyumenyume
mpaka mlangoni, akijikwaa kwenye magogo,
asimpe mgongo.

Leo nimefukua kumi na tisa.
Nimepangusa, nimegusia chokaa palipobanduka,
na nikifika pembe ya jicho brashi inazunguka,
inapita mbali kama anayepita mlango wa mgonjwa.
Mwenye duka amepiga simu mara mbili.

Mama Nzilani ameitua ndoo, anajifuta jasho.
"Wamebaki wangapi?"
"Mmoja."
"Na huyo?"

Nimelishika jembe. Udongo wa hapa hukauka upesi.
Sijamjibu bado.