Mkanda wa Nguzo

Umeniletea umekunjwa ndani ya kiroba cha korosho,
mgumu kama kauli ya mdai.
Nilipoukunjua, ukalia.
Somoe, ngozi ikilia namna hiyo usiivute.
Miaka kumi na tisa darini, juu ya moshi wa jiko,
katika mji huu wa Newala ambako hata sisi wenye midomo
tunasubiri zamu ya ndoo.

Nilianza na kitambaa chenye unyevu tu.
Ukatoka ukungu wa kijani, kisha vumbi jekundu,
kisha weusi ambao sikuufuta wote,
pale ulipozoea kukaa mkono wa baba yako.
Tundu la nne limevutika kama jicho la mtu aliyekesha.
La tano alilitoboa mwenyewe, kwa msumari,
mwaka ule alioanza kukonda.

Muuza vitasa akanishauri mafuta ya ganda la korosho.
Yale yanayobabua vidole vya wabanguaji,
yataihurumia ngozi ya ng'ombe?
Nikayeyusha nta ya Masasi kwenye kopo la maziwa,
nikatia ufuta, kidogo,
nikapaka kwa kiganja, maana brashi haina joto.
Usiku ukanywa. Asubuhi ukadai tena.
Siku ya tatu ukatosheka,
ukalala juu ya goti langu kama paka.

Sasa unang'aa. Watu wawili sokoni wameniuliza bei.
Nawe Jumatatu unaanza kazi ya umeme,
unataka kuipanda nguzo ya kwanza
ukiwa umejifunga baba yako kiunoni.

Nimeupinda mbele ya dirisha. Njoo uone.
Hapa, nyuma ya pete ya chuma,
ufa mwembamba kama unywele, umeingia hadi moyoni.
Mafuta yamerudisha rangi, yamerudisha ulaini.
Nguvu ilikwishaondoka kabla sijafungua kiroba.

Utabeba koleo, bisibisi, chupa yako ya maji.
Mtu hautambeba.
Kule juu vaa wa kampuni, ule wa nailoni,
usiomjua mtu kwa jina.

Usinune. Hela sitaki.
Ila ukishuka, pita hapa kibandani uniambie
kama kweli kutoka juu ya nguzo ya Jumba la Mikutano
mto Ruvuma unaonekana.
Chikambu alikuwa akiniapia kila jioni,
nami nikishona kiatu cha mtu,
nikimwambia muongo.