Gololi

Daktari alichora nyuma ya karatasi ya dawa
duara, na nusu duara limelifunika.
"Hii ndiyo nyonga," akasema, "na hapa ndipo ilipolika."
Nikamwambia naelewa. Mimi fundi baiskeli, Ujiji,
mwaka wa kumi na tisa sasa nafungua vikombe,
nahesabu gololi, nalamba grisi bila kutaka.
Kitu kikishalika hakibembelezwi. Hubadilishwa.

Lakini shangazi Mwavita si baiskeli.
Alirudi kutoka Mwanza kwa gari la kukodi,
kiti cha nyuma, mto katikati ya mapaja,
na makatazo marefu kuliko eda:
usichuchumae, usikunje nne,
usiinamie kiatu,
usikalie kigoda, mkeka ndiyo kabisa.
"Wangesema tu," akanung'unika,
"nisiwe mtu wa Ujiji."

Kweli, maisha yetu yote yako chini.
Jiko chini, ungo chini, choo usiseme,
hata Mungu tunamwendea kwa paji la uso.
Basi nikaiinua nyumba.
Kitanda juu ya matofali, mawili kila mguu.
Jiko juu ya meza, likatia meza alama nyeusi.
Kiti cha plastiki nikakitoboa kwa msumeno,
nikapiga msasa kingo, nikapiga tena,
nikakikalia mwenyewe kwanza.
Sikujua, jirani yetu, alinichungulia kwenye upenyo wa mabati.
Hakucheka. Alirudi na sabuni,
na tangu siku hiyo kumwogesha ni kazi yake.
Soksi ni kazi yangu. Soksi, kiatu,
na kuamka saa tisa usiku
mguu unapowaka na kidonge hakijafika muda wake.

Siku ya ishirini na moja nilimfokea.
Alikuwa ameketi chini, kwenye mkeka,
anachagua mawe kwenye maharage
kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupasuliwa.
Neno nililosema sitaliandika.
Nilimnyanyua. Hakunisaidia kwa uzito hata kidogo.

Jioni, mawese yakichemka, akauliza ukutani:
"Na ule mfupa wangu, waliupeleka wapi?"
Labda waliuchoma, nikasema. Sikuwa nimewaza.
Akakaa kimya mpaka kitunguu kikaungua.
"Basi kipande changu kimetangulia,
wala hakikuswaliwa."

Kisha, bila kunitazama:
"Upande wa kushoto. Ndiko ulikokaa wewe,
mama yako alipovuka kwenda Kalemie.
Mgongo uliukataa. Mtoto gani hukataa mgongo?
Ulitaka kuona mbele.
Nachota maji, wewe hapo. Nabishana bei, wewe hapo.
Nasonga ugali, umening'inia kama ndoo,
miaka miwili na zaidi, na miguu yako ilikuwa mizima."

Nikatazama mikono yangu,
ule weusi usiotoka hata kwa mafuta ya taa.
Wateja wangapi nimewasema mimi:
unapakia mkaa upande mmoja kila siku,
halafu unashangaa kikombe kimelika!

Sikuomba msamaha. Nilienda kununua kitunguu kingine.

Jana alitembea mpaka mlango wa uani.
Fremu kwanza, halafu mguu wa chuma,
halafu ule aliozaliwa nao,
na jasho kwenye mdomo wa juu.
Mimi nyuma yake, mkono hewani,
kama unavyomfundisha mtoto baiskeli:
unashika kiti,
halafu hushiki,
ila unakimbia vilevile.

"Umeniachia?"
"Bado."
"Mwongo," akasema, hakugeuka,
akapiga hatua nyingine, akasimama,
akainua pua kwenye upepo wa ziwani,
akauliza ni nani huyo
anayeunguza migebuka ya watu.