Jicho la Ndani

Julai, Valdivia. Mvua, siku ya kumi na moja.
Kadi ya michoro nimeiuza Jumamosi
kwa kijana wa baiskeli; kaikumbatia ndani ya koti
kama mtu atoaye mtoto hospitali.
Kwa pesa yake nikanunua kuni za hualle,
mita tatu, kavu.
Sasa nyumba ina joto na skrini haina kitu.

Mama mkwe, Bi Eduvina, kando ya jiko: "Imekufa?"
Haijafa. Feni zavuma. Kitaa cha kijani chapepesa.
Na ndani ya kichakataji, chini ya kibati chake,
limo jicho la pili. Nililinunua bila kulitaka,
miaka minne sikuliamsha.

Shida ni kwamba mfumo niupendao
haukushonewa mwili huu.
Walioushona wana orodha ya mashine zao,
na yangu (sanduku la Temuco, ubao wa mtumba,
kigawa umeme alichoniachia marehemu Nibaldo)
haimo, wala haitakuwamo.
Basi naiandikia faili la utambulisho,
nusu kiapo, nusu uongo:
mimi ni fulani, nina matundu matatu, nipe picha.

Mara ya kwanza, giza.
Ya tano, giza pia, ila lenye mwanga kwa nyuma,
kama mlango ambao mtu kasimama upande wa pili
akisita kubisha.
Ya tisa, kila kitu waridi!
Bi Eduvina, kwenye picha ya harusi yetu,
mwekundu kama kamba wa kuchemsha.
Alicheka mpaka akakohoa.
Ya kumi na nne siisemi.

Shemeji Lautaro akapiga simu:
"Osvaldo, nunua iliyo tayari."
Tayari kwa nani?

Saa nane usiku ndipo nikaona.
Matundu nimeyahesabu kuanzia moja.
Yeye huanza na sifuri.
Kebo ilikaa mahali pake tangu mwanzo;
mimi ndiye niliyekuwa nikielekeza wageni
nyumba ya jirani.

Nikafuta tarakimu moja, nikaandika nyingine.
Nikawasha.
Kwanza mshale, mweupe, mdogo, kwenye kona.
Nikausogeza. Ukasogea.

Sikumwamsha mtu.
Nikatia gogo jingine, nikakaa,
nikiuzungusha tu, huku na huku.

Sauti bado haitoki.