Karata Hamsini

Walikuja Tukuyu mwezi wa tatu,
mwezi ambao mvua haipangi miadi na mtu.
Wawili, kutoka ofisi isiyoandikwa mlangoni:
Bwana Shekiondo na saa yake ya kubonyeza,
Daktari Nyamizi na karata zake ndani ya kopo la biskuti.
Mimi niliazimwa wilayani
kubeba bahasha, kuandika, na kutouliza.

Barua ilisema: kuna mama, Tupokigwe Mwasandube,
mchuma chai wa Kyimbila,
anadaiwa kuona yaliyo mbali.
Aliwashusha watu tisa kwenye lori
dakika chache kabla halijaserereka mtoni.
Chunguzeni. Msiamini. Msidharau.
Hilo la mwisho lilipigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Tulikaa stoo ya ushirika,
mbolea ikituwasha pua.
Nyamizi akatundika shuka katikati:
huku karata, kule mama,
kitenge kimelowa, tope la njiani hadi magotini.
"Nyota, duara, msalaba, mawimbi au mraba?"
"Mraba."
Ilikuwa nyota.
"Mawimbi."
Duara.
"Nyota."
Nyota. Na saa ya Shekiondo ikasita,
au ni mimi niliyesita.
"Msalaba."
Mraba.
Juu ya bati mtu alikuwa akimwaga maharage
na gunia lake halikwisha.

Siku mbili. Karata hamsini. Kapata kumi.
Nyamizi akaninong'oneza, kwa sauti ya kutoa pole,
kwamba hata mbuzi, angejaliwa kusema, angepata kumi.

Shekiondo bado alikuwa na maswali ya serikali.
Je, anaweza kuona mahindi ya magendo
yakivuka usiku pale Kasumulu?
Je, anaweza kumwona mtumishi hewa?
Mama akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja:
"Huyo, baba, hata ninyi mnaomlipa hamumwoni."

Na lile lori?
"Lori nililisikia.
Breki zililia toka kona ya juu,
ndama aliyenyimwa ziwa.
Marehemu mume wangu alikuwa taniboi, hiyo sauti naijua.
Nikawaambia shukeni. Waliosikia walishuka.
Hilo la kuona waliliongeza wenyewe,
Jumapili, kwenye ushuhuda."

Nikaandika. Nyamizi akafunga kopo lake.

Usiku umeme ulikatika saa tatu.
Nilimwona Shekiondo akivaa koti la mvua juu ya nguo za kulalia.
Nikamfuata; hakuna aliyenituma.
Akagonga kwa mama, akabaki barazani
maji yakimchuruzika kwenye kofia,
akatoa picha ndani ya mfuko wa nailoni:
mvulana, sare ya shule, kifungo cha juu hakipo.
"Miaka kumi na moja. Nilimtuma mafuta ya taa.
Niambie tu, yuko juu ya ardhi au chini."

Mama akaisogeza kwenye kibatari.
Muda ukapita. Migomba ikapigana vikumbo gizani.
Angeweza kusema lolote.
Nyota. Mraba.
Nani angegeuza karata hiyo kumsahihisha?

"Sijui, baba," akasema.
"Sioni kitu. Naona mtoto mzuri."

Akamvutia kigoda, akammiminia maziwa ya mgando.
"Ndaga," akasema Shekiondo, mtu wa Lushoto,
neno aliloliokota siku ileile sokoni.
Wakakaa. Mimi nikabaki na mvua yangu nyuma ya zizi.

Asubuhi nilimletea taarifa:
mhusika hana uwezo wowote usio wa kawaida.
Akaisoma mara mbili. Akakata neno *wowote*.
Akaliandika tena juu ya mkato.
Akasaini.

Ya barazani sikuyaandika. Hayakuwa na namba.

Tulipofika kona ya juu, dereva akipiga mluzi na redio,
Shekiondo akamgusa bega.
"Zima hiyo," akasema.
"Tusikilize breki."